Anasoma bila kukwama, lakini ameelewa nini?

Katika kalasi za jioni za watu wazima, iwe komine ya Katuba, ya Kenya au ya Ruashi, hapa Lubumbashi, Kongo, habari njema huwa ileile: mama fulani sasa anasoma. Mara nyingi maana yake ni kwamba anatamka. Kutamka ni hatua kubwa, tena ya kuheshimiwa, ila mwanafunzi akiachwa hapo atatia sahihi karatasi ambayo hakuielewa, safari hii kwa kujiamini.

Dhana: Anayesoma kwa sauti bila kukwama ameelewa

Kiswahili kina irabu 5, na kila moja hutamkwa vilevile popote ilipo. Aliyeshika silabi anaweza kusoma neno lolote, hata lisilokuwepo. Soma hili: "Mlufe ulipezwa gobeni na wadoze." Nini kilipezwa? Mlufe. Wapi? Gobeni. Na nani? Wadoze. Umejibu yote sawasawa, na sentensi haina maana yoyote.

Basi maswali yanayojibiwa kwa kunyofoa neno kwenye mstari hayapimi uelewa. Uliza jambo ambalo jibu lake halikuandikwa. Chukua kifuko cha dawa: "Vidonge 2, mara 3 kwa siku, siku 5." Uliza: mgonjwa akipewa vidonge 20, vitatosha? Kwa siku anameza 6, kwa hiyo anahitaji 30. Vile 20 vitakwisha asubuhi ya siku ya 4.

Hata swali hilo lina tundu. Kifuko kikiandikwa "2 × 3", kuna anayemeza 3 mara mbili. Jumla inabaki 6, hesabu inatoka safi, kosa linajificha. Mpe maharagwe badala ya vidonge, ayapange mezani: ya asubuhi, ya mchana, ya jioni. Hapo utaona alichoelewa.

Dhana: Kusoma polepole si neno, mradi afike mwisho

Ni neno kubwa. Chukua sentensi ya kontra, yaani mkataba, ya nyumba, ambamo garanti ni pesa ya dhamana: "Ukihama kabla ya miezi 6, mwenye nyumba hatakurudishia garanti." Ina silabi 26. Anayetumia sekunde moja kwa silabi anachukua karibu nusu dakika, na akili haishiki vipande vingi kiasi hicho kwa muda huo. Kibaya zaidi, Kiswahili hupakia mambo mengi katika kitenzi kimoja: ha-ta-ku-ru-di-shi-a. Ukanusho umekaa mwanzoni kabisa. Akifika "garanti", ile "ha" imeshapotea, naye anabaki na "kurudishia garanti". Amesoma kila herufi na ametoka na kinyume.

Dawa yake ni kurudia. Maandishi mafupi, maneno 50 hadi 60, yasomwe mara 3 au 4 kwa siku tofauti mpaka maneno yaonekane mazima. Kila kipindi, dakika 10 ziende kwa jozi zinazotofautiana kidogo: atarudisha na hatarudisha, ukilipa na usipolipa, umpe na usimpe. Kisha afunike karatasi aeleze kwa maneno yake, hata kwa Kibemba au Kiluba. Asiruhusiwe kukariri mstari. Kukariri ni kutamka tu bila karatasi.

Mwaka 1986 watafiti wa usomaji Philip Gough na William Tunmer waliliweka jambo hili kama hesabu ya kuzidisha: kutambua maneno mara kuelewa lugha. Upande mmoja ukiwa sifuri, jibu ni sifuri, hata upande wa pili uwe imara namna gani.

Dhana: Kiswahili ni lugha yake, maana ataijua mwenyewe

Huu ndio mtego wa mji wetu. Kwa watu wengi hapa, "kuuza" ni kutoa pesa na kuchukua kitu. Anayetoa kitu "anauzisha". Kiswahili cha vitabuni kinasema kinyume: anayeuza ndiye anayetoa kitu. Sasa weka mbele ya mtu hati ya kiwanja: "Mwenye kuuza atalipa gharama za hati." Atasoma bila kosa, na ataamini kuwa mnunuzi ndiye mlipaji.

Kiswahili cha nyumbani hakina kasoro, wala kisikemewe. Mwalimu achore safu mbili ubaoni, "tunavyosema" na "inavyoandikwa", na asifute ile ya kwanza. "Fasi" ikae pembeni ya "mahali", "kuuzisha" pembeni ya "kuuza".

Dhana: Heri aanze moja kwa moja na Kifaransa

Karatasi za serikali ni za Kifaransa, ni kweli. Katiba ya Kongo ya 2006 imekifanya lugha rasmi, huku Kiswahili kikiwa lugha ya taifa pamoja na Kikongo, Kilingala na Kitshiluba. Lakini "eau" ina herufi tatu na sauti moja tu, o. Asiyejua Kifaransa anabebeshwa sauti ngeni, tahajia ngumu na maana mpya kwa pamoja. Ajifunze kusoma kwa Kiswahili, azungumze Kifaransa kwa mdomo sambamba, kisha aingie kwenye karatasi kupitia maneno anayokutana nayo: loyer (kodi ya nyumba), bailleur (mwenye nyumba), reçu (risiti).

Dhana: Anayejua kuandika jina lake amekwisha kujua kusoma

Hapana. Tangu mwaka 1958 UNESCO ilitaka mtu aweze kusoma na kuandika, kwa kuelewa, maelezo mafupi na rahisi kuhusu maisha yake ya kila siku. Akili ya kuelewa anayo: mama wa sokoni anayebadilisha dola kuwa faranga kichwani hapotezi akili hiyo akishika karatasi. Kwa hati yoyote ya pesa, mfundishe kujibu manne kabla ya kushika kalamu: nani anatoa, nani anapokea, lini, na asipotoa itakuwaje. Akikosa moja, arudi kwenye mstari wenyewe na kidole chake.