Programu ya uokoaji katika kifaa cha kufuatilia mtandao: inachookoa na isichookoa

Stima inapopotea ghafla alasiri ya mvua ya radi, jambo la kawaida kuanzia Kisumu hadi Kakamega na Kericho, kifaa cha kufuatilia mtandao, kile kinachorekodi yanayopita katika mtandao wa ofisi, huweza kukwama njiani kinapowaka tena, na ndipo mkuu wa ofisi husema, "Fundi, hebu ingia kwa rikavari uturudishie ripoti za mwezi uliopita." Fundi kijana, asiyependa kumkatalia mkubwa wake, hukubali, huifungua programu ya uokoaji, ndiyo hiyo rikavari, huteua chaguo linaloonekana kuwa na nguvu zaidi, na kwa kufanya hivyo huzifuta ripoti zile zile alizoombwa azirudishe. Nimeyasikia matumizi haya ya dhana ya uokoaji katika ofisi za Nakuru na za Kisumu, kwa wakuu wa idara, kwa wanafunzi wa vyuo vya ufundi walio katika mafunzo ya kazini, na nimeyasoma hata katika ripoti za kazi zilizotiwa sahihi. Yanawagharimu watu mno kuachwa bila kusahihishwa.

Programu ya uokoaji ni mfumo mdogo unaokaa katika sehemu yake pekee ya diski au ya kumbukumbu ya flashi, mbali na programu kuu ya kifaa, na unaoweza kuwaka hata programu kuu ikiwa imeharibika kabisa. Kupitia mfumo huo fundi huweza kuikagua diski, kusakinisha upya programu kuu, kurudisha nywila za kiwandani na kukipa kifaa anwani ya mtandao ya muda. Katika vifaa vya uchambuzi wa mtandao vya kampuni ya Cisco vilivyojulikana kama NAM (Network Analysis Module), kwa mfano, programu hiyo ilikuwa menyu fupi ya tarakimu na herufi, isiyo na picha wala grafu. Maana yenyewe haina zaidi ya hapo, na ugumu hauko katika maana bali katika kile ambacho watu hudhani kinaokolewa.

Ndani ya kifaa kimoja cha kufuatilia mtandao mna mambo matatu ambayo kwa macho huonekana kama jambo moja. La kwanza ni programu kuu, ambayo ni sawa katika kila kifaa cha aina hiyo na hupatikana tena kwa mtengenezaji wakati wowote. La pili ni usanidi, yaani anwani, majina ya watumiaji, mipaka ya kutoa tahadhari, leseni, na orodha ya swichi na ruta (vifaa vinavyounganisha kompyuta na kupitisha data) zinazofuatiliwa, mambo ambayo ofisi imeyapanga yenyewe kwa muda mrefu. La tatu ni data iliyokusanywa: pakiti zilizonaswa (vipande vidogo ambavyo data hugawanywa ili kusafiri mtandaoni), rekodi za nani aliwasiliana na nani na kwa kiasi gani, na ripoti zilizotengenezwa kutokana na rekodi hizo. Programu ya uokoaji huhusika na jambo la kwanza. Jambo la pili hurudi iwapo tu kuna nakala rudufu iliyohifadhiwa nje ya kifaa, na jambo la tatu, likiwa halikunakiliwa kwingine, haliwezi kurudishwa na menyu yoyote. Duka lililoungua likijengwa upya, daftari la madeni halirudi pamoja na kuta.

Kuhusu jambo hili la tatu, inafaa kufanya hesabu kidogo, kwa kuwa matarajio mengi huvunjika hapo. Kifaa cha kufuatilia mtandao hupewa na swichi nakala ya kila kinachopita katika milango yake ya kebo iliyoteuliwa. Chukua ofisi ambayo mtandao wake hupitisha kwa wastani megabiti 200 kwa sekunde: hizo ni megabaiti 25 kwa sekunde, yaani gigabaiti 90 kwa saa. Kifaa kikiambiwa kihifadhi kila pakiti, diski ya terabaiti 2 hujaa katika muda usiofika siku moja, na kwa kawaida kifaa huanza kuandika juu ya pakiti za zamani zaidi. Anayetaka pakiti za mwezi uliopita basi anataka kitu ambacho hakikuwamo ndani ya diski hata asubuhi kabla stima haijapotea. Rekodi za muhtasari ni ndogo zaidi na hudumu zaidi, na kwa hivyo ripoti za mwezi huweza kuwapo, lakini nazo hukaa katika diski ile ile.

Sasa tuitazame menyu yenyewe, maana madhara hutokea katika mistari yake miwili ya mwanzo. Fundi ameunganisha laptopu yake na mlango wa konso, yaani ule wa kukipa kifaa amri moja kwa moja, kwa kebo, ameweka kasi ya biti 9600 kwa sekunde, amekiwasha kifaa na kuteua mfumo wa uokoaji badala ya programu kuu. Kwenye skrini nyeusi mstari wa kwanza unasema kwamba programu kuu itapakuliwa na kuandikwa katika diski. Mstari wa pili unasema karibu maneno hayo hayo, ila unaongeza kwamba diski itaumbizwa upya. Mstari wa kwanza huibadilisha programu na kuiacha sehemu ya data jinsi ilivyo, ilhali wa pili huondoa kila kitu na kuanza na diski tupu. Mara nyingi, kabla ya kuendelea, kifaa huuliza kama fundi ana hakika, na herufi moja humaliza jambo. Mtu anayeamini kwamba kuokoa ni kurudisha kila kitu huona mstari wa pili kuwa ndio kamili zaidi, na ndiyo sababu ninasema kosa la dhana huzaa kosa la kidole.

Chini zaidi katika menyu hiyo kuna chaguo ambalo ni wachache hulitazama, nalo ni la kukagua na kurekebisha makosa ya faili katika diski. Stima ikikatika wakati kifaa kinaandika, kwa kawaida kinachoharibika ni mpangilio wa faili, kwa maana ya kumbukumbu inayoeleza faili ipi iko wapi na inaishia wapi, huku sehemu kubwa ya yaliyomo ikiwa bado ipo mahali pake. Ukaguzi huo hurekebisha mpangilio, na mara nyingine hutosha kukifanya kifaa kiwake na data yake yote. Kama kuna chaguo lolote linalokaribia kile ambacho mkuu wa ofisi alikuwa akikiomba, ni hilo. Utaratibu wa busara basi ni kuanza na ukaguzi wa faili, kisha kusakinisha programu kuu bila kuigusa data, na kuliacha chaguo la kuumbiza diski kwa wakati ambapo hayo mawili yameshindwa na mwenye kifaa ameelezwa waziwazi atakachokipoteza. Diski yenyewe ikiwa imeanza kufa, ikitoa makosa ya kusoma kila mara, ukaguzi wa kurudia rudia huweza kuiumiza zaidi, na hapo data muhimu hunakiliwa kwanza au diski hupelekwa kwa wataalamu wa kutoa data, kazi ambayo ni taaluma nyingine kabisa.

Kuna pia wanaodhani kwamba kebo ya konso ndiyo hubeba faili ya programu kuu. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde hupita takriban baiti 960 kila sekunde, na faili ya megabaiti 300 ingechukua zaidi ya siku 3. Kebo hubeba maandishi na amri tu. Faili huja kwa mtandao, na hiyo ndiyo sababu menyu huwa na chaguo la kuweka anwani na lingine la kupima kama seva, yaani kompyuta inayotoa faili hiyo, inajibu. Njia ya zamani ya kuileta faili ni TFTP, utaratibu mwepesi wa kuhamisha faili kwa mtandao, ambayo kanuni zake zilichapishwa mwaka 1981 na kurekebishwa mwaka 1992. Haina nywila, na katika umbo lake la kwanza hugawa faili katika vipande vya baiti 512 vinavyohesabiwa hadi 65,535, hivyo uhamishaji huweza kukwama faili inapozidi megabaiti 32 au karibu na hapo. Vifaa vingi huruhusu FTP, utaratibu mwingine wa kuhamisha faili, badala yake. Na njia yoyote ile faili iliyopitia, ilinganishe namba yake ya uhakiki, inayohesabiwa kutokana na yaliyomo ndani yake, na ile aliyoitoa mtengenezaji kabla ya kuiandika katika diski, kwa sababu programu kuu iliyopunguka kipande kimoja hukirudisha kifaa pale pale kilipokuwa.

Upande wa pili wa kosa hili hausemwi sana, na kwangu ni mzito zaidi. Wanaoamini kwamba uokoaji hurudisha data huamini pia kwamba uumbizaji huiangamiza, na kwa imani hiyo ofisi huumbiza kifaa chakavu kwa menyu ya uokoaji kisha hukiuza kwa wanunuzi wa vyuma na vifaa vya mitumba. Kuumbiza diski kwa njia ya kawaida hufuta orodha ya faili na kuandika programu mpya katika sehemu ndogo. Pakiti zilizonaswa hubaki katika sumaku ya diski hadi kitu kingine kiandikwe juu yake, na mwenye zana na subira huweza kuzisoma. Ndani ya pakiti hizo mna anwani, majina, na pengine maneno ya siri yaliyopita bila kusimbwa, yaani bila kufichwa kwa fumbo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde, na kuzitupa ovyo hakumwondolei wajibu huo. Diski ya kifaa kinachoondolewa kazini huandikwa juu yote kwa zana ya kufutia, au huharibiwa. Programu ya uokoaji haikutengenezwa kwa kazi hiyo, kama ambavyo haikutengenezwa kurudisha ripoti.

Yafaa pia kutenganisha hitilafu ya kifaa na hitilafu ya mtandao, maana nimewaona wahudumu wa sako wakiacha kupokea wateja kwa kuambiwa kwamba "kifaa cha mtandao kiko rikavari". Kifaa kinachopokea nakala ya pakiti hakisimami katikati ya njia. Kikizimwa, malipo huendelea kupita na barua pepe huendelea kufika. Kinachopotea ni macho ya fundi kwa saa hizo, na pengo hilo litabaki katika kila grafu itakayochorwa baadaye. Kwa hiyo huhitaji kuwafungia watu kazi, ila unapaswa kuandika saa ambayo kifaa kilitoka kazini na saa kiliporudi, ili mtu asije akalisoma pengo kama ushahidi kwamba mtandao ulikuwa kimya.

Na kurudi kazini kwenyewe hakukamiliki menyu inapofungwa. Nywila zilizorudishwa kiwandani zimo katika vitabu vya maelekezo ambavyo yeyote huweza kuvisoma, hivyo hubadilishwa siku hiyo hiyo, na kabati la vifaa hufungwa kwa ufunguo, kwani yeyote anayefika kwenye konso huweza kuzirudisha nywila hizo kama alivyofanya fundi. Saa ya kifaa huwekwa upya na kuunganishwa na seva ya saa, katika ukanda wa Afrika Mashariki, la sivyo, kikibaki katika saa ya kimataifa ya UTC, rekodi zake zitatofautiana na za ruta kwa saa 3. Amri ya kunakili milango hukaa katika swichi wala si katika kifaa, kwa hivyo nayo hukaguliwa: ikiwa swichi ilizimika pamoja na kifaa kabla amri hiyo haijahifadhiwa, kifaa kitawaka vizuri sana na hakitaona chochote.

Fundi aliyeandika katika ripoti yake kwamba "data imerejeshwa" alikusudia kueleza kazi halali aliyoifanya, ila angeieleza kwa usahihi zaidi kama angeandika kwamba programu kuu imesakinishwa upya, kwamba usanidi umerejeshwa kutoka nakala ya tarehe fulani, na kwamba hakuna rekodi za kabla ya saa fulani. Mkuu wa ofisi naye, anapozihitaji ripoti za mwezi uliopita, amuulize fundi wake nakala huhifadhiwa wapi na ya mwisho ilichukuliwa lini. Swali hilo laweza kujibiwa kabla ya kifaa kuguswa.