Afya na Mafunzo ya Mbwa wa Nyumbani: Maswali na Majibu

Mtoto wa mbwa aanze kuchanjwa lini?

Chanjo ya parvo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoweza kumuua mtoto wa mbwa, huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, na hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 hadi afikishe wiki 16, kwa kuwa kinga aliyoipata kwa maziwa ya mama huweza kuidhoofisha chanjo ya mapema. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa akifikisha miezi 3, kisha hurudiwa kila mwaka au kama daktari wa mifugo atakavyoelekeza. Dawa ya minyoo hutangulia, tangu wiki ya 2, kwani minyoo huweza kumwingia akiwa bado tumboni mwa mama yake.

Mbwa wangu ni mkali na hashikiki. Nitamchanjishaje?

Swali hili lina uzito kuliko linavyoonekana, maana katika vijiji vingi vya Tanzania na Kenya chanjo huletwa hadi karibu na nyumbani, lakini mbwa hubaki bila kuchanjwa kwa sababu hakuna anayeweza kumshika. Mbwa aliyefungwa mnyororo tangu utotoni na kutupiwa chakula kwa mbali hajui kwamba mkono wa mtu unaweza kuwa na heri. Umri mzuri wa kumzoesha ni kati ya wiki 3 na 14: kila siku, kwa dakika chache, mshike sikio, mfunue mdomo, mminye vidole polepole, na papo hapo umpe dagaa mmoja. Mbwa mkubwa naye hujifunza, ila aanzwe kwa kuguswa begani kwa muda mfupi, na aachwe mara anapokaza mwili, kugeuza kichwa au kulamba midomo, kwa kuwa hizo ni dalili za hofu zinazotangulia kuuma. Kumpiga hakumfunzi utii; humfunza kuuogopa mkono uleule utakaohitaji kumtibu.

Nimkague nini kila siku?

Tazama kupe ndani ya masikio, chini ya ukosi, kwapani na katikati ya vidole. Mshike kupe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu bila kumsokota, wala usimpake mafuta ya taa. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isitumiwe kwa kukisia kipimo, kwani huweza kumuua mbwa. Kisha inua mdomo wa juu uone ufizi: ukiwa umepauka, au mkojo ukiwa wa kahawia, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo, kwa maana huenda ana ugonjwa wa damu ulioletwa na kupe.

Makombo ya mezani yanamfaa?

Ugali mtupu haumtoshi. Uchanganywe na dagaa, nyama au mayai. Vitunguu, chokoleti na zabibu ni sumu kwake, na mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha kali.

Akimuuma mtu, tufanyeje?

Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha majeruhi apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni mkwaruzo mdogo na hata kama mbwa anaonekana mzima, kwa kuwa dalili za kichaa cha mbwa zikishajitokeza kwa binadamu, ni nadra mno mtu kupona. Tafadhali msikimbilie kumuua mbwa huyo. Ikiwezekana kufanya hivyo kwa usalama, afungiwe mahali pake na aangaliwe kwa siku 10, ofisa mifugo akiwa amejulishwa, na chanjo ya aliyeumwa isisubiri matokeo hayo.