Wasiotaka kuonekana wanahesabiwaje? Njia ya kukamata na kukamata tena

Ukisikia redioni ati Mombasa kuna watu elfu kadhaa wanaojidunga unga kwa sindano, swali la kwanza ni nani aliwahesabu, manake sensa ya 2019 haikuuliza mtu kama anatumia unga, na hata ingeuliza, nani angemwambia karani ukweli na mamake kakaa hapo hapo anasikiliza?

Ndo hapa watu wa takwimu wana njia inaitwa kukamata na kukamata tena. Petersen wa Denmark aliifanya kwa samaki miaka ya 1890, anawatia alama anawarudisha majini, na Lincoln akaja kuifanya kwa mabata Marekani 1930. Usishtuke na jina, hapa hakamatwi mtu.

Tuseme waelimishaji rika, ambao maskani wanazijua vizuri, wapite Kisauni, Likoni mpaka Mji wa Kale, kila teja wanayemkuta wampe bangili ya rangi ambayo haiuzwi popote mjini. Wamegawa 200. Baada ya wiki mbili wanapita tena, wanakuta watu 150, wanauliza tu, bangili yetu uko nayo? 30 wanazo. Yaani kila watano, mmoja walishaonana naye, so wale 200 wa kwanza nao ni kama moja ya tano ya wote, na wote ni kama 1,000. Ni 200 mara 150 gawanya kwa 30, kwisha.

Shida yote iko kwa hiyo 30. Ukirudi maskani zile zile utakutana na nyuso zile zile, 30 inakuwa 60, jumla inaanguka hadi 500, na wale wanawake wanaojidungia ndani ya nyumba hukuwafikia hata mmoja. Alafu kuna aliyeuza bangili yake (na watauza, tusidanganyane), huyo unamhesabu kama mgeni na jumla inafura bure.

Ndo maana wengine wanaongeza orodha ya tatu juu ya hiyo mizunguko miwili, mfano ya wanaokunywa methadoni kliniki (dawa ya kuwasaidia kuacha unga), ama wanatumia kuponi, njia ya Heckathorn, mwanasosiolojia wa Marekani, ya 1997, mtu anapewa kuponi chache aalike wenzake, na hizo ndo huwafikia wale wa ndani.

Mimi namba moja kavu siiamini, nataka niambiwe ni kati ya ngapi na ngapi. Kwa mfano wetu huo huo, wenye bangili wakitokea 25 kwa bahati tu, jumla inaruka hadi 1,200, na namba hiyo ndo itaamua sindano safi ngapi zinunuliwe.