Usonji, sauti na maumbo: maswali ya wazazi wa Kigoma

Sauti inawezaje kuwa na umbo?

Chora maumbo mawili mchangani: moja limeviringika kama wingu, jingine lina ncha kama nyota. Nenda mwaloni Kibirizi uulize watu: lipi ni maluma na lipi ni takete? Maneno hayo hayana maana yoyote, lakini wengi watalipa jina la maluma lile la mviringo. Mwanasaikolojia Mjerumani Wolfgang Köhler alilieleza jambo hili mwaka 1929. Mwaka 2001 watafiti Ramachandran na Hubbard walilifufua kwa maneno kiki na bouba (hutamkwa buba). Kwetu buba ni ugonjwa wa ngozi, kwa hiyo mimi nabaki na maluma.

Siyo athari ya kusoma herufi tu, kwani Wahimba wa Namibia wasio na maandishi nao huoanisha hivyo. Hata Kiswahili kinalijua hili. Jiwe likitumbukia Ziwa Tanganyika tunasema chubwi! Midomo yenyewe inaviringika.

Mtoto mwenye usonji (kwa Kiingereza autism) hulionaje?

Mwaka 2008 Oberman na Ramachandran waliripoti kwamba watoto wasio na usonji walioanisha hivyo kwa asilimia 88, na wenye usonji kwa asilimia 56, yaani karibu sawa na kubahatisha. Lakini watoto hawa hawafanani. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kuwa wenye mahitaji makubwa zaidi hupata shida zaidi, na wengine hukaribia wenzao.

Kwa nini? Masikio yake ni mazima na macho anayo.

Ndiyo, na hapa ndipo wazazi wengi huumia bure wakidhani mtoto ni mkaidi. Kusikia ni kazi moja, kuona ni nyingine, na kuziunganisha ni ya tatu. Ubongo unapaswa kutambua kwamba sauti hii na midomo ile inayocheza ni tukio moja, kwa wakati mmoja. Kwa watoto wengi wenye usonji kazi hiyo ya tatu ni ngumu zaidi, hasa kwenye maneno ya watu. Kuunganisha mlio mfupi na mwanga unaomulika huwapa shida kidogo tu. Sasa fikiria mama anayesema "embe" huku redio inaimba na kuku wanalia uani. Kwa mtoto, neno na tunda vinaweza kupita kila kimoja njia yake.

Nimpime nyumbani kwa michoro hiyo?

Hapana. Hicho si kipimo cha usonji. Mtoto asiyegeuka anapoitwa apimwe kwanza masikio. Anzia kituo cha afya kilicho karibu, uombe rufaa.

Nimsaidieje basi?

Zima redio. Mshikishe embe, sema "embe" mara moja, kisha nyamaza umpe nafasi. Usibadilishe leo "embe", kesho "tunda", keshokutwa "kula hili". Kesho na keshokutwa iwe embe ileile, neno lilelile. Ukifika kwenye herufi, mwache aipitishe *m* mchangani kwa kidole wakati wewe unasema "mmm", ili mkono usaidie kuunganisha kile ambacho jicho na sikio havijaunganisha. Kama anapenda dagaa, anzia dagaa. Kitu anachokipenda hufungua mlango ambao picha za kitabuni huenda zisiufungue.

Mwalimu analalamika kwamba hamtazami usoni akifundisha silabi. Nimwambie nini?

Mwambie, kwa heshima, asimshike kidevu kumgeuza. Kwa watoto wengine, kutazama uso na kusikiliza kwa pamoja ni mzigo, na akilazimishwa kutazama anaweza kukosa kuisikia vizuri sauti ya mwalimu. Amwonyeshe *ba* ubaoni, aitamke polepole, asubiri. Kisha amwache mtoto aoneshe kwa kidole *ba* iko wapi, hata kama macho yake yako dirishani.