Trầu ni tambuu, cau ni popoo

Nimeletewa tena tafsiri ya kuhariri inayosema Wavietnamu huposa kwa "kokwa ya tambuu". Jamani, tambuu ni jani! Kokwa ni popoo, nayo huzaliwa na mpopoo, mti wa jamii ya mnazi. Mtambuu wenyewe hutambaa. Kosa hili limetoka kwenye Kiingereza, kilichovipa vitu viwili jina moja, betel. Mswahili ana majina yote mawili tangu zamani, sawa na Mvietnamu: trầu ni tambuu, cau ni popoo.

Msiseme ni jambo dogo. Ichukueni ngano ya Tân na Lang, ndugu waliofanana kama shilingi kwa ya pili. Mkubwa alipooa, mdogo akajiona ametengwa, akaondoka, akafia kando ya mto na kugeuka jiwe la chokaa. Kaka akamfuata, akafia papo hapo, akawa mpopoo. Mke naye akaja kumtafuta mumewe, akafa ameuegemea mti ule, akawa mtambuu uliouzingira. Vitatu hivyo vikitafunwa pamoja, mate huwa mekundu kama damu. Sasa ukiandika "kokwa ya tambuu", umewafanya mume na mke mmea mmoja. Nani tena amkumbatie mwenzake? Trầu cau humaanisha ndoa kwa sababu ni wawili.

Methali nayo inaumizwa: miếng trầu là đầu câu chuyện. Đầu ni kichwa, lakini pia ni mwanzo. Msiniandikie "kichwa cha hadithi". Maana yake ni kwamba tambuu hufungua maongezi: mgeni hukirimiwa kwanza, shida yake itafuata.

Kuhusu kulevya, kwa ufupi: kinachochangamsha ni arekolini, nayo imo kwenye popoo, si kwenye jani.

Asili ya neno ndiyo inayoninyima usingizi. Mwaka 1651, kamusi ya Kivietnamu ya mmisionari Alexandre de Rhodes iliandika trầu kwa bl- mwanzoni. Wakhmer wa Kambodia husema mlu, Wathai phlu. Tambuu yetu inarudi kwenye tāmbūla ya Kisanskriti, na wapo wanaisimu wanaosema Kisanskriti nacho kiliazima kutoka lugha zenye maneno hayo hayo ya jamaa ya trầu. Hiyo -būl- ya tāmbūla, inayofanana na bl- ya trầu, inanishawishi sana. Ile tam- ya mwanzo bado inanikwaza, kwa hiyo darasani naitaja kama dhana tu, ingawa moyoni natamani iwe kweli.