Je, wajua kwa nini panchi ya ramu ya Karibi hushuka kama juisi?

Ramu ya kawaida ina alkoholi asilimia 40. Ukiinywa kavu inaunguza ulimi, inapanda puani na kukutoa machozi. Ichukue ramu hiyohiyo, uichanganye na ndimu, shira, maji ya matunda na barafu kwa vipimo wanavyovijua watu wa Barbados, na mgeni asiyependa kabisa pombe kali atamaliza glasi na kuomba nyingine. Ramu haijaenda popote, imo mlemle kwenye glasi, kila tone. Ukali wake umejificha wapi?

Barbados wana kanuni fupi ambayo huighani kama mashairi: moja ya uchachu, mbili za utamu, tatu za ukali, nne za ulaini. Uchachu ni maji ya ndimu, utamu ni shira ya sukari, ukali ni ramu, na ulaini ni maji, barafu au juisi. Mwisho hutiwa matone machache ya dawa chungu na kungumanga iliyokwaruzwa juu. Kanuni hii ina umri mrefu kuliko elimu ya sayansi ya ladha, lakini ukiipima kwa sayansi hiyo utaona imekaa sawasawa.

Hesabu kwanza. Sehemu zote ni kumi, na tatu kati ya hizo ni ramu. Ramu ya asilimia 40 ikikaa kwenye sehemu tatu kati ya kumi, mchanganyiko mzima unabaki na asilimia 12, kiwango cha divai nyingi za mezani. Barafu ikiyeyuka, kinashuka tena kidogo. Hapo tayari sehemu kubwa ya ukali imeondoka, ila si yote, na yaliyobaki yanatokea kinywani.

Kule kuungua unakokusikia kwenye pombe kali si ladha, ni hisia ya moto. Kwenye ulimi na koo kuna vipokezi vya neva ambavyo kazi yake ni kutuonya tukigusa kitu cha moto, na kwa kawaida huamka joto likifika nyuzi 42 hivi za Selsiasi. Ndivyo hivyohivyo vinavyoamshwa na pilipili. Alkoholi huvifanya viamke mapema, kwenye nyuzi 34 hivi, na kinywa cha mtu mzima wa afya kina nyuzi 36 au 37. Maana yake ni kwamba mtu anapokunywa ramu, ubongo wake unapata taarifa kuwa kinywa kinaungua, na moto wenyewe ni joto la mwili wake mwenyewe! Kinywaji kikiwa na barafu ya kutosha, joto la kinywa hushuka kwa muda na zile neva hutulia. Kwa hiyo barafu kwenye panchi haiwekwi kwa ajili ya kuburudisha tu. Panchi ya uvuguvugu, hata iwe na vipimo sahihi, itakuunguza zaidi.

Ndimu na sukari nazo zina kazi yake. Maji ya ndimu yana asidi kali kiasi kwamba ukiyanywa matupu meno yanaingia ganzi. Sukari haiipunguzi asidi hiyo hata chembe. Ukiipima baada ya kukoroga utaikuta ileile. Kinachobadilika ni hisia. Ubongo ukipokea utamu na uchachu kwa pamoja, kila kimoja hufifia mbele ya mwenzake, na vyote viwili hufunika ule uchungu mdogo ambao alkoholi huwa nao. Ukizidisha ndimu, panchi inakuwa kali. Ukizidisha shira, inanata mdomoni na ramu inaanza kunukia kama dawa ya kikohozi.

Halafu baridi hupunguza hisia ya utamu. Mtu anayeonja panchi kabla ya kutia barafu huona shira imezidi na kuipunguza, kisha wageni wanakuta kinywaji kichachu. Onja ikiwa imeshapoa, ndipo urekebishe.

Kanuni hii si amri, na hata huko Karibi hawakubaliani. Mwaka 1908 gazeti la New York Times lilichapisha shairi fupi la panchi ya Jamaika lenye sehemu mbili za ndimu kwa moja na nusu ya utamu. Mimi nasimama na Barbados, hasa kwa ndimu ndogo za kwetu ambazo uchachu wake hauna huruma.

Sasa tuje kwenye ramu yenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapopitwa. Watu hudhani harufu ya matunda kwenye panchi inatokana na matunda tu. Sehemu yake imo ndani ya ramu kabla hujakata nanasi hata moja.

Ramu nyingi hutengenezwa kwa molasi, ile rojo nyeusi nzito inayobaki kiwandani sukari ikishatolewa kwenye maji ya miwa. Wafugaji wa Kenya na Tanzania wanaijua vizuri, wanawachanganyia ng'ombe kwenye malisho. Molasi huongezwa maji, ikachachushwa kwa hamira, kisha ikakenekwa: inachemshwa, mvuke wake unanaswa na kupozwa uwe kimiminika. Viwanda vingi humaliza uchachushaji kwa siku moja au mbili. Jamaika kuna viwanda vinavyokwenda kinyume kabisa. Kiwanda cha Hampden, katika parokia (yaani wilaya) ya Trelawny, huacha molasi ichachuke kwenye mapipa makubwa ya mbao yaliyo wazi, kwa hamira za porini zinazojileta zenyewe, na huongeza masazo machachu yaliyobaki baada ya ukenekaji uliopita. Kazi hiyo inaweza kuchukua wiki kadhaa. Bakteria wanapata muda wa kutengeneza asidi za kila namna, na asidi hizo zikikutana na alkoholi huzaa kemikali zinazoitwa esta. Esta ndizo zinazoyapa matunda mengi harufu yake. Moja, ethili butireti, imo kwenye nanasi. Nyingine, isoamili aseteti, ndiyo inayonukia ndizi mbivu. Ukifungua chupa ya ramu ya aina hiyo, harufu ya nanasi na ndizi iliyoiva kupita kiasi inakujia hata kama hakuna tunda chumbani.

Ndiyo sababu juisi ya nanasi na ramu vinaelewana. Zina harufu za ukoo mmoja, na pua haiwezi kusema tunda limeishia wapi na pombe imeanzia wapi. Jaribu kanuni ileile kwa pombe kali isiyo na harufu: utapata kinywaji kinachonyweka, lakini ladha yake ni ndimu na sukari basi.

Kinywaji hiki kina asili inayotugusa watu wa Bahari ya Hindi. Maandishi ya zamani zaidi yanayojulikana kuhusu panchi ni barua ya mwaka 1632 ya mtu wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki. Waingereza hao walichanganya araki, pombe kali ya huko Asia, na ndimu, sukari, viungo na maji. Miwa na jamii ya ndimu zilikuwa zimeshavushwa hadi Karibi na Columbus katika safari yake ya 1493. Waingereza waliweka makazi Barbados mwaka 1627, na kufikia miaka ya 1640 mashamba ya miwa yalianza kukimeza kisiwa. Waliolima, kukata na kukamua miwa hiyo walikuwa Waafrika waliofanywa watumwa, na wengi walikufa kwa kazi hiyo. Molasi ilikuwa mabaki ya sukari yao, na ramu ikatoka kwenye mabaki hayo. Panchi ya Barbados ina sura ya sherehe leo, hasa wakati wa Crop Over, tamasha la mwisho wa mavuno ya miwa, lakini haifai kuisimulia bila kuwataja watu hao.

Kungumanga nayo ni mgeni aliyelowea. Mbegu zake zilifika kisiwa cha Grenada, huko Karibi, kutoka visiwa vya Indonesia mwaka 1843, na zao hilo likashamiri hata likachorwa kwenye bendera ya taifa. Aliyetembelea mashamba ya viungo ya Unguja ameliona tunda lake: kokwa ya kahawia iliyovikwa wavu mwekundu. Kwenye panchi hukwaruzwa juu kabisa, mwishoni, kwa sababu pua hufika kwenye glasi kabla ya mdomo. Harufu ya viungo ikitangulia, mnywaji hakaribishwi na mvuke wa alkoholi. Tumia kokwa nzima uikwaruze papo hapo. Unga wa kopo umeshapoteza harufu.

Ile dawa chungu ya matone ni Angostura, kileo kichungu cha mitishamba na viungo. Ilibuniwa mwaka 1824 na Johann Gottlieb Benjamin Siegert, daktari Mjerumani aliyekuwa akitibu jeshi la mpigania uhuru Simón Bolívar huko Venezuela, ikiwa dawa ya tumbo. Baadaye biashara ikahamia Trinidad, na iko huko hadi leo. Matone manne au matano kwenye jagi yanatosha kuuzuia utamu usichoshe ulimi.

Kwa sherehe, pima kwa kikombe cha mililita 250. Siku moja kabla, menya maganda ya ndimu sita kwa kisu kikali, ukitoa ile sehemu ya kijani tu, maana nyeupe ni chungu. Yasugue na vikombe viwili vya sukari, ufunike na kuyaacha saa kadhaa. Sukari itayafyonza mafuta ya ganda, nawe utaikuta imelowa na kunukia. Tia vikombe viwili vya maji ya moto, koroga mpaka iyeyuke, chuja. Utapata kama vikombe vitatu vya shira yenye harufu ambayo maji ya ndimu peke yake hayawezi kuitoa.

Siku yenyewe kamua ndimu, si jana yake, kwa kuwa maji ya ndimu hubadilika ladha ndani ya saa chache. Kikombe kimoja cha ndimu, viwili vya shira, vitatu vya ramu, vinne vya ulaini. Ukitaka panchi ya matunda, ulaini huo uwe vikombe viwili vya nanasi, kimoja cha chungwa na kimoja cha maji. Karakara ni nzuri sana, ila ihesabu upande wa uchachu na upunguze ndimu. Juisi ina sukari yake, hivyo anza na kikombe kimoja cha shira badala ya viwili, na kikombe ulichokiacha ukijaze kwa maji baridi. Usipokijaza, sehemu kumi zimekuwa tisa na alkoholi imepanda kupita asilimia 13 bila wewe kujua.

Barafu ya bakuli igandishe donge moja kubwa, kwenye chombo chochote kipana cha plastiki, usiku kucha. Uzito uleule wa barafu ukiwa vipande vidogo una eneo kubwa zaidi linalogusana na kinywaji, kwa hiyo unayeyuka upesi na kuizimua panchi kabla wageni wa nusu saa ya kuchelewa hawajafika. Vipande vidogo weka kwenye glasi.

Sasa sikiliza hesabu hii kwa makini. Vikombe kumi ni lita mbili na nusu, karibu glasi 12 za mililita 200. Kila glasi ina mililita 24 za alkoholi, karibu sawa na chupa ya nusu lita ya bia ya asilimia 5. Ini linahitaji kama saa mbili, pengine zaidi, kuimaliza glasi moja, na panchi nzuri hunyweka kwa dakika kumi. Kila kitu nilichoeleza hapo juu, baridi, shira, ndimu na harufu, kinazizima dalili ambazo kwa kawaida humwambia mtu apunguze mwendo. Mwenye sherehe ndiye anayepaswa kuwaambia wageni kilichomo, kuliweka bakuli mbali na watoto, kutoa chakula mapema na kuhakikisha anayeendesha gari hajanywa. Na ununue ramu yenye nembo, dukani panapoaminika. Methanoli kwenye pombe za uchochoroni haina ladha ya kukutahadharisha hata ikinywewa kavu, sembuse ndani ya nanasi na sukari, nayo hupofusha na kuua.

Wasiokunywa pombe wasipewe soda wakae pembeni. Ukiondoa ramu tu, kinachobaki ni juisi tamu isiyo na makali, na ule mvutano wote umepotea. Weka tangawizi mbichi, ipondwe, ichemshwe na kuchujwa iwe nzito. Kemikali yake kali, jinjeroli, huviamsha vilevile vipokezi vya moto ambavyo alkoholi huviamsha, kwa hiyo koo linapata moto wake bila kileo. Wajamaika wana kinywaji cha Krismasi cha namna hii, cha maua makavu ya choya, yale mekundu wengine wanayaita rozela, pamoja na tangawizi. Wengi hukitia ramu, lakini bila ramu kinasimama chenyewe. Mimina maji yanayochemka juu ya vikombe viwili vya choya na kipande cha tangawizi cha ukubwa wa kidole gumba kilichopondwa, ongeza karafuu tano, funika hadi asubuhi, chuja, kisha tia shira. Choya ni chachu yenyewe, kwa hiyo ndimu iache mpaka uonje.