Gladiola: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Wapenda bustani wengi wa Tabora huamini kwamba gladiola ni ua la Ulaya, na kwa hiyo hulitunza kwa masharti ya Ulaya. Ukweli ni kwamba jamii hii ina spishi zaidi ya 250, nyingi zikiwa za Afrika Kusini, na mzazi mkuu wa gladiola za bustanini, Gladiolus dalenii, huota porini kutoka Afrika Kusini hadi Ethiopia, Tanzania ikiwemo. Walichofanya wakulima wa Ghent, Ubelgiji, katika miaka ya 1840 ni kueneza chotara waliotokana na spishi hizo za Kiafrika.

Kutokana na dhana hiyo, watu hudhani kwamba ni lazima matunguu, yaani mashina mafupi yaliyonenepa chini ya udongo, yang'olewe kila mwaka. Ushauri huo unafaa mahali ambapo ardhi huganda kwa baridi, si hapa. Katika kichanga kinachopitisha maji, tunguu hulala salama kiangazi chote na kuchipua mvua za Novemba zinapoanza. Linaloliozesha ni maji yaliyotuama, hivyo mwenye udongo mweusi wa mbugani hana budi kuinua tuta.

Dhana inayonisikitisha zaidi ni ya kufyeka majani mara ua linaponyauka, eti mmea umemaliza kazi. Kazi ndiyo kwanza inaanza! Tunguu lililopandwa huishi msimu mmoja tu. Jipya hujengwa juu yake kwa chakula kinachotengenezwa na majani yale yale. Fukua shina lililokauka lenyewe mwezi wa Mei uone: chini kuna kisahani kikavu cha tunguu la zamani, juu yake limekaa jipya lililonenepa, na pembeni vitoto vidogo kama choroko, ambavyo vitahitaji misimu miwili au mitatu kabla ya kuchanua. Hata anayekata ua la kuweka ndani aache angalau majani manne.

Wengine husema gladiola nyeupe hugeuka kuwa nyekundu baada ya miaka kadhaa. Kwa kawaida hazigeuki, kwa sababu kila tunguu jipya hurithi rangi ya mama yake. Kinachoonekana kama kugeuka ni kwamba, rangi zikichanganywa, aina zenye nguvu huzaliana upesi na zile dhaifu hutoweka. Anayetaka nyeupe zidumu azifungie uzi wa alama wakati wa kuchanua, kisha azipande kwenye tuta lake peke yake.